Safari ya Maskati na Saa Zake

Likizo iliyopita dada yangu alikwenda Maskati, mji mkuu wa Oman, kufanya kazi. Tulimsindikiza kutoka Kiwangwa hadi kiwanja cha ndege, Dar es Salaam, na ndege ikaruka saa kumi kamili alasiri. Tukarudi, tukalala. Asubuhi bibi akanipa simu nimsomee ujumbe: "Nimefika 10.20."

Bibi akashika kichwa. "Dakika ishirini! Basi wamemshusha Unguja!" Wala hakukosea sana, kwani ndege ya Unguja huchukua kama dakika ishirini. Ikanibidi nitafute penseli.

Dar es Salaam ipo karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, na Maskati karibu digrii 23 na nusu kaskazini. Jumla 30 na nusu. Kwa upande wa mashariki, sisi tupo kwenye digrii 39 na wao 58, tofauti 19. Usijumlishe hizo mbili, kwani ndege haizunguki ukingo wa shamba. Hukatiza katikati, kama tukatizavyo sisi mashamba ya mananasi tukichelewa shule. Kwa kanuni ya Pythagoras twapata karibu digrii 36, na kila digrii ni kilometa 111. Lakini Pythagoras ni wa ardhi bapa, na dunia ni mviringo. Hesabu ya duara huleta kama kilometa 3,970. Ukivuta uzi juu ya tufe la darasani, utaona unapita juu ya Somalia.

Ndege kubwa huenda kama kilometa 850 kwa saa. Ukigawanya wapata saa nne na dakika 40. Hata hivyo ndege hutambaa kwanza uwanjani, hupanda na kushuka polepole, wala haifuati uzi sawasawa. Kwa hiyo safari huwa saa tano na zaidi. Dada alifika saa tatu na dakika 20 usiku kwa saa yetu. Maskati jua huwatangulia, na saa yao ipo mbele kwa saa moja: basi kwao ilikuwa saa nne na dakika 20. Na saa nne ya usiku, kwa saa za Kizungu, huandikwa 10. Dada alinakili alichokiona ukutani.

Wazee wa pwani yetu walihesabu safari hiyo kwa pepo. Majahazi yalishuka kutoka Uarabuni kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi, na safari ilikula wiki kadhaa. Sayyid Said mwenyewe alifariki baharini mwaka 1856, akitoka Maskati kuja Unguja.

Bibi alisikiliza yote hayo kwa subira, kisha akauliza, "Sasa huko saa ngapi?"

Hapa ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Nikamwambia, saa mbili na nusu.

"Basi ameshaamka. Mpigie."