Mtoto Ajifunze Kutazama Kabla ya Kuandika

Tukimwambia mtoto wa Goma, «Andika habari za chukudu», mara nyingi anatuletea maneno haya: «Chukudu ni kitu kizuri. Inatusaidia sana. Ninaipenda.» Herufi zote ni sawa. Lakini mtu asiyefika Goma ataionaje chukudu kwa maneno hayo? Mtoto huyu hakukosa maneno, alikosa kutazama.

Basi, tusimpe kalamu kwanza. Tumpeleke kando ya barabara, aone kitu kizima: chombo cha mti mfano wa baiskeli, kisicho na kiti wala pedali. Kisha aangalie sehemu moja moja: magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira; mikono miwili kama pembe za ng’ombe; ubao mrefu wenye kubeba magunia ya makaa na viazi. Amtazame na mwenye chukudu: goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma. Mwishoni afumbe macho, asikilize magurudumu yanavyolia juu ya mawe meusi, ambayo mlima Nyiragongo uliyamwaga mjini mwaka 2002.

Hapo tumwulize, wala tusimjibie. Gurudumu lina ukubwa gani? Linafanana na nini kwenu? Akisema, «Kama sahani ya mama», tusilifute neno lake tukaweka letu. Asiyejua bado kuandika aseme kwa lugha ya nyumbani. Na kila anapoandika «kizuri», tumwulize: kizuri kwa nini?

Labda mmoja atasema: hiyo ni michezo ya darasani tu. Sivyo. Mtoto akiugua, mganga humwuliza: maumivu yako wapi? Yalianza lini? Yanachoma ao yanakata? Aliyezoea kusema «naumwa» tu atasaidiwaje upesi? Tena, ugomvi ukitokea, shahidi huulizwa: uliona nini? Aliyefundishwa kusema yale aliyoyaona, na hayo tu, hatamsingizia jirani yake kwa urahisi.

Kazi hiyo haingoji shule. Jioni ya leo mwulizeni mtoto wenu: «Umeona nini njiani?» Akijibu, «Hakuna kitu», msimkaripie. Mshikeni mkono, mwende naye mpaka mlangoni, mtazame pamoja.