Muonjaji wa kahawa: tumulipe ngapi asitukimbie?



Hapa Kivu, waonjaji wa kahawa wangali wachache. Vijana wanatuuliza: ile kazi inalipa namna gani? Na komite nazo zinauliza: tukishamufundisha, tumushike namna gani?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Muonjaji anakaanga kahawa kidogo, anaisaga, anatia gramu 8 na kitu katika kikombe, anamimina maji ya moto mililita 150, anangoja dakika 4, kisha ananusa na kuonja kwa kijiko. Anapanga vikombe 5 kwa kila sampuli, juu punje moja yenye ladha ya kiazi inaweza kuharibu kikombe kimoja na kuacha vingine vizima. Mwishoni anatoa alama juu ya 100. Kuanzia 80, kahawa inaingia ku soko la kahawa bora.

Wanaotafuta watu hawa njo wauzaji wa inje wa Goma na Bukavu, pamoja na koperative zenye laboratuari yao. Malipo ni ya namna tatu: kwa siku wakati wa musimu, kwa sampuli, ao kwa mwezi na kontra. Hapa njo penye shida. Koperative nyingi zinalipa kwa siku. Kahawa ikiisha kupakiwa, kijana anabaki bila kitu. Muuzaji mukubwa anakusanya kahawa ya pande nyingi, ana kazi ya miezi mingi, anamupa kontra. Na kama kijana ana cheti cha Q, wanunuzi wa inje wanamuamini, bei yake inapanda tena.

Je, koperative itatoa wapi franga? Tupige hesabu. Kontena moja ni magunia 320 ya kilo 60, ni kusema kilo 19 200. Bei ikipanda senti 10 tu za dola kwa kilo, zinaingia dola 1 920. Bila muonjaji wenu, ni munuaji peke yake anayejua uzuri wa kahawa yenu, na ni yeye anayetaja bei.

Tunashauri mambo matatu. Moja: mumupe kazi ya mwaka muzima. Inje ya musimu afundishe wakulima kuchuma matunda mekundu tu na kupiganisha wadudu wa antestia, wanaohusika na ladha ya kiazi. Mbili: kama koperative inalipa masomo yake, kontra iseme atatumika miaka mingapi. Tatu: musimulipe kufuatana na alama. Mutamufundisha kuongeza alama, na munuaji ataonja mwenyewe.

Muamue mushahara na tarehe ya malipo katika mukutano, mbele ya wanamemba, kabla musimu haujaanza.