Msamiati wa teksi katika miji ya Kiarabu: maneno yanayosaidia na yanayoponza

Msemaji wa Kiswahili anayepanda teksi Kairo, Maskati au Dubai bila kujua Kiarabu hayumo gizani kabisa. Sehemu kubwa ya msamiati anaouhitaji, yaani hesabu, nyakati na bei, tayari anayo kinywani, kwa kuwa Kiswahili kiliyapokea maneno hayo kutoka Kiarabu zamani. Neno asilolijua kabisa halimdhuru sana, maana huuliza au hunyamaza. Linalomponza ni lile analodhani analijua.

Katika hesabu msaada ni mkubwa. Sita, saba na tisa ni maneno ya asili ya Kiarabu, na vivyo hivyo makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini, pamoja na mia na elfu. Dereva akisema "khamsin" au "sabin", abiria husikia hamsini na sabini bila kufundishwa. Huko Misri, katika mazungumzo ya kila siku, sauti ya th katika tarakimu hugeuka t, hivyo thelathini husikika "talatin" na themanini "tamanin". Sikio hulizoea jambo hilo upesi.

Kikwazo kimo katika mpangilio. Kiswahili hutanguliza makumi: hamsini na sita. Kiarabu hutanguliza mamoja: "sitta wa khamsin", yaani sita na hamsini. Abiria aliyezoea mpangilio wa kwake hudaka "sita", huridhika, na hayo mengine humpita. Mwisho wa safari hutoa pauni sita, dereva hudai hamsini na sita, na kila mmoja humwona mwenziwe mlaghai ilhali hakuna aliyesema uongo. Inafaa kungoja tarakimu iishe, kisha kuirudia kwa sauti kabla gari halijaondoka. Mahali penye mita ya teksi, Wamisri huiita "addad", neno lenye mzizi mmoja na idadi ya Kiswahili.

Maandishi nayo yana mtego wake. Katika tarakimu zinazotumika Misri na sehemu za Ghuba, tano huandikwa kwa alama ya mviringo (٥) inayofanana na sufuri ya Kiswahili, sita (٦) hufanana na saba, na sufuri yenyewe ni nukta (٠). Kwa hiyo kuandikiana bei kwenye karatasi hakutoshi mpaka pande zote mbili ziwe zinaandika kwa tarakimu za aina moja.

Nchini Omani maneno nusu na robo yana kazi kubwa, kwa kuwa dereva husema "nuss" na "rub" anapotaja sehemu za riali. Riali moja ina baisa 1000, na baisa ni ndugu wa pesa. Yote mawili yametokana na neno la Kihindi. Riali hiyo hiyo huzidi dola mbili na nusu za Marekani, basi nusu inayobishaniwa si chenji ya kupuuzwa. Abiria akilalamika kwamba nauli ni "ghali" ataeleweka mara moja. Neno rahisi ndilo la kuangaliwa: katika Kiarabu "rakhis" ni kitu cha bei nafuu tu, na maana ya wepesi ni nyongeza ya Waswahili. Anayesema kwamba njia ni rahisi, akikusudia kuwa haina tabu, huenda dereva akadhani anazungumzia malipo.

Hata hivyo, hasara kubwa kuliko zote hutokana na saa. Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapotua, na Waarabu wa leo huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Msafiri anayetaka kuchukuliwa hotelini saa kumi na moja jioni, ili awahi ndege ya saa mbili usiku, akitafsiri tarakimu hiyo neno kwa neno, humwambia dereva aje saa tano ya usiku kwa hesabu ya Kiswahili. Dereva mwaminifu atafika kwa wakati aliopewa, na ndege itakuwa imekwisha kuondoka saa tatu kabla. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu wa pwani ambaye bado husema edashara na thenashara, kwa sababu maneno hayo ni Kiarabu kitupu na dereva atayapokea kama yalivyo, bila kushuku lolote. Thenashara ya jioni huko Mombasa ni wakati wa jua kutua. Kwa dereva wa Maskati ni usiku wa manane.

Tofauti ni ya saa sita daima. Kwa hiyo msafiri hahitaji kukokotoa. Ataje tarakimu ambayo mshale mfupi wa saa, yaani akrabu, unaielekea, wala asitaje ile anayoisoma kwa mazoea upande wa pili. Kuna njia nyingine iliyo salama zaidi na yenye adabu: kutumia majina ya sala. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha ni maneno yale yale kwa wote wawili, na miadi ya "baada ya alasiri" haina saa ya Kiswahili wala ya Kiarabu.

Siku za juma zina tofauti ndogo lakini chungu. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, Waswahili Jumamosi. Jumanne kwa Kiarabu ni "thulatha", siku ya tatu. Anayeonyesha vidole vinne atachukuliwa Jumatano. Alhamisi na Ijumaa ndizo zinazolingana.

Kuhusu mwelekeo, kulia ni "yamin". Kiswahili kinalo neno yamini, ila kwa maana ya kiapo, maana ambayo Kiarabu nacho kinayo. Kushoto ni "yasar", na Misri husemwa "shimal". Daraja ni neno la kukwepwa: kwa Mwarabu ni ngazi au cheo, na la kuvukia mto Wamisri huliita "kubri", kama lile la Sitta Oktobar linalovuka Nile mjini Kairo.

Dubai madereva wengi hutoka Pakistan, India na Bangladesh, na tarakimu za Kiarabu hapo hazina msaada mwingi. Lakini gari ni neno lililotoka kwao. Basi, kwa maana ya "inatosha", huwafikia wao na Waarabu pia, kwa umbo la "bas". Na "sida", yaani nyoosha moja kwa moja, hueleweka kote Ghuba, kwa kuwa Waarabu wa huko wameliazima kutoka lugha hizo za Bara Hindi.

Maskati kuna jambo la pekee. Uendeshaji wa teksi ni kazi ya raia wa Omani, na miongoni mwao wamo waliozaliwa Zanzibar au waliolelewa na wazazi waliorudi kutoka huko baada ya mwaka 1964, wengi wao baada ya 1970. Abiria wawili wanaomsengenya dereva kwa Kiswahili huenda wakajibiwa kwa lafudhi ya Unguja. Dereva wa aina hiyo ni neema, ila kwa habari ya saa anahitaji uangalifu kuliko mwenziwe, kwa sababu anazijua hesabu zote mbili na hakuna ajuaye ipi aliyoishika. Anapoitikia "saa mbili", ni lazima aulizwe: ya Kiswahili au ya Kiarabu?