Kirekodi data katika mbio za gokati

Kirekodi data katika mbio za gokati ni kifaa cha kielektroniki kinachopima na kuhifadhi mwenendo wa gari na injini wakati wa mashindano au mazoezi. Kwa kawaida hufungwa kwenye usukani, na baada ya mbio takwimu zake huhamishiwa kwenye kompyuta ili zisomwe kama grafu.

Gokati ya kwanza ilitengenezwa na Art Ingels huko California, Marekani, mwaka 1956. Madereva wengi wa Formula 1, wakiwemo Ayrton Senna, Michael Schumacher na Lewis Hamilton, walianzia katika mbio hizo. Afrika Mashariki hujulikana zaidi kwa ralii, hasa Safari Rally iliyoanza mwaka 1953, lakini gokati pia huendeshwa, kwa mfano jijini Nairobi.

Vipimo

Vipimo vya kawaida ni muda wa kila raundi, mwendokasi, idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika, joto la maji ya rejeta na joto la gesi ya ekzosi. Mwendokasi na mahali gari lilipo hupatikana kwa GPS. Kifaa kinachopima mara 10 kwa sekunde, gari likienda kilomita 100 kwa saa, huandika kipimo kila baada ya mita 2.8 hivi.

Kusoma takwimu

Njia kuu ni kulinganisha raundi mbili: iliyo bora na nyingine ya dereva huyohuyo au ya mwenzake. Grafu za mwendokasi zikiwekwa pamoja huonyesha mahali muda ulipopotea.

Mwendokasi mdogo kabisa ndani ya kona hutazamwa kwa makini. Dereva anayechelewa kufunga breki huweza kujiona ana kasi, kumbe anatoka kwenye kona polepole. Kwa mfano, katika sehemu iliyonyooka ya mita 300, wastani wa kilomita 90 kwa saa huchukua sekunde 12, na wa kilomita 91 huchukua sekunde 11.87. Tofauti hiyo ya sekunde 0.13 hufikia sekunde 2.6 katika raundi 20.

Idadi ya mizunguko ya injini husaidia kuchagua sproketi. Injini ikifika kikomo chake kabla ya mwisho wa sehemu iliyonyooka, sproketi ya nyuma ina meno mengi kupita kiasi. Isipokaribia kikomo, meno ni machache na gari huchelewa kushika kasi.

Joto, kabureta na mwinuko

Injini nyingi za gokati za mipigo miwili hutumia kabureta, hivyo huathiriwa na mwinuko. Kwenye mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu na mwinuko wa mji wa Iringa, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Injini iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika huko hupata mafuta mengi kuliko hewa: hupoteza nguvu, na plagi huweza kuwa nyeusi.

Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kushuka. Injini iliyorekebishwa Iringa mjini ikipelekwa Idodi, kata iliyo chini zaidi kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hukutana na hewa nzito na mchanganyiko hupungukiwa mafuta. Katika injini ya mipigo miwili mafuta hayo ndiyo hubeba oili ya kulainisha, hivyo yakipungua joto hupanda, na pistoni huweza kukwama ndani ya silinda. Joto la ekzosi likionekana kupanda kuliko kawaida kwenye kirekodi, fundi huweka jeti kubwa zaidi kabla injini haijaharibika.

Mipaka

Kirekodi huonyesha kilichotokea, si sababu yake. Kona yenye mwendo mdogo inaweza kutokana na upepo wa tairi, chesisi au dereva mwenyewe. Kwa hiyo inashauriwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha kupima tena.