Kandida, ziwa na ghuba ya Kabuno: nani anajibu juu ya nini?

Wandugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu ambao mungali kwenye auditoire, kila wakati wa kampeni ziwa Kivu linarudi mdomoni mwa wanasiasa. Mmoja anaahidi robine za maji safi, mwingine umeme wa gesi, wa tatu nyavu za wavuvi wa sambaza. Sisi tunapiga makofi, tunapokea tisheti, tunarudi nyumbani. Karibu hakuna anayeuliza: huyu kandida, kwa kiti anachotafuta, sheria inamupa nguvu gani juu ya ziwa? Na kwetu Sake kuna swali lingine, gumu zaidi: pahali ambapo hakuna kura, nani anajibu?

Tuanze na ziwa lenyewe, juu wengi wetu tunaliona kila siku bila kujua kilicho chini yake. Ziwa Kivu linashuka hadi mita 485. Katika maji ya chini kuna gesi iliyoyeyuka: karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni (CO2) na karibu 60 za methani. Haipandi ovyo, kwa sababu maji ya chini ni mazito, yana chumvi nyingi, na yale ya juu yanayakandamiza. Ni kama soda ndani ya chupa: kizibo kikiwa imara, huoni povu. Katika ziwa kubwa, gesi nyingi iko chini ya mita 260. Ni mbali.

Lakini Sake haikutani na ziwa kubwa. Inakutana na ghuba ya Kabuno, ile kona ya kaskazini-magharibi yenye eneo la karibu kilomita za mraba 48. Kabuno ni kama chumba chenye kizingiti: pahali inapoungana na ziwa kubwa, kina ni mita kama 10 tu, kwa hiyo maji yake ya chini hayachanganyiki na ya wengine. Volkano zimecheza sana na pwani hii. Lava ya Nyamulagira ya mwaka 1938 hadi 1940 iliteremka mpaka majini hapa hapa upande wa Sake. Katika Kabuno, maji yaliyojaa kaboni yanaanza kwenye mita 12 hivi. Si 260, ni 12. Mti wa avoka uliozeeka unafikia urefu huo.

Mtu aliyekulia kati ya Goma na Sake anajua mazuku: kaboni inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo, inaua mbuzi, kuna siku inaua na mtu. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi. Sasa waza mazuku inayotoka ziwani. Kule Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa kaboni usiku na watu karibu 1,700 walikufa katika vijiji vya jirani. Nyos ni ziwa dogo sana ukililinganisha na letu.

Sisemi litatokea kesho. Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia ziwani pale Goma na gesi ya chini haikupanda. Lakini mukumbuke Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 Serikali ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, ikiogopa pia mlipuko chini ya ziwa. Watu wengi sana walikimbilia wapi? Sake. Walikimbia hatari ya ziwa, wakaja kulala kando ya ghuba ambamo gesi iko karibu zaidi na uso wa maji. Kwangu mimi hiyo inaonyesha vizuri kuliko hotuba yoyote kwamba Kabuno haimo katika akili za wanaotuongoza.

Juu ya nini haimo? Jibu langu: pesa. Methani ya ziwa kubwa inauzwa. Upande wa Rwanda, KivuWatt inatoa megawati 26 tangu 2016. Upande wetu, Julai 2022 Serikali iliweka sokoni bloki tatu za gesi: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Gesi ya Kabuno kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kaboni haiwashi balbu. Njia ya kuitoa inajulikana. Kule Nyos mwaka 2001 waliweka bomba refu mpaka chini, wakavuta maji kidogo na pampu, kisha gesi yenyewe ikaendelea kusukuma maji juu, pampu ikazimwa. Kazi kama hiyo inakula pesa bila kuleta faida ya kuuzwa. Ndiyo maana kandida anayesema “gesi ya ziwa itatupa umeme” anaweza kusema ukweli mtupu na bado hajasema lolote juu ya usalama wa Sake.

Sasa tuangalie viti. Mbunge wa taifa ndiye anayepiga kura ya sheria na ya bajeti ya nchi. Gesi iko chini ya sheria ya hidrokaboni ya tarehe 1 Agosti 2015, na mikataba inafanywa Kinshasa. Kwa hiyo swali la Kabuno ni lake. Pia umuulize juu ya OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano na ziwa. Mwaka 2020 msaada wa Benki ya Dunia ulikwisha, na kituo kikakaa miezi bila intaneti ya kupokea habari za vyombo vyake, mpaka karibu na mlipuko wa 2021. Ni nani kati ya wabunge wetu aliyesimama kuuliza waziri juu ya hiyo?

Mbunge wa mkoa yuko na sehemu yake, juu Katiba inaweka ulinzi wa mazingira katika kazi ambazo taifa na mikoa wanagawana. Lakini tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kazi za bunge la mkoa zikasimamishwa.

Conseiller wa komini ni hadithi nyingine. Tarehe 20 Desemba 2023 ilikuwa mara ya kwanza kuwachagua chini ya Katiba ya 2006, na tena kwenye miji mikuu ya mikoa tu. Kwetu ilikuwa komini ya Goma na ya Karisimbi. Kazi yao ni usafi, mitaro, masoko, visima. Aliyeahidi kuondoa gesi kwa kiti hicho alidanganya, au hakusoma sheria. Lakini takataka za soko la Kituku zinazoishia majini, na kipindupindu kwa watu wanaochota na bidoni pwani, hayo asiyasukumie Kinshasa. Ni yake.

Na Sake? Sake iko katika chefferie ya Bahunde, teritwari ya Masisi. Siku ile ya 20 Desemba, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura juu ya vita. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23. Kwa hiyo kandida wa Goma alizungumza na watu wa Goma juu ya ziwa wanaloliona mbele ya nyumba zao, na Kabuno, kilomita kama 25 kutoka pale, haikuwa na mpiga kura hata mmoja wa kumuogopesha. Gesi nzito haitauliza kadi ya uchaguzi.

Kuna sehemu moja ambayo haingojei mtu wa Kinshasa, na hapa naongea kama mtu wa kilimo. Mvua ikinyesha, udongo wa milima ya Masisi unashuka ghubani. Hauongezi gesi, lakini unaziba pwani ambapo tilapia zinatagia, na unatoka kwenye mashamba yetu ya maharagi na mahindi. Mitaro inayofuata usawa wa mlima, setaria kando yake, calliandra katikati: hiyo mchefu wa grupema ya Kamuronza anaweza kuikubali leo, na ng’ombe watakula yale majani. Shida ni kwamba mtu aliyekimbia mara tatu hapandi mti. Sitamlaumu.

Kuna pia mlango ambao hauhitaji kura. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi wenye kuweza kuharibu mazingira ufanyiwe masomo kwanza, na wananchi waulizwe kabla haujakubaliwa. Siku kampuni ya gesi itakapoleta karatasi zake, zitakuwa kurasa nyingi za Kifaransa. Wenye kusoma jioloji, sheria na kilimo katika kundi hili tunaweza kuzigawana, kuziandika kwa Kiswahili cha hapa kwetu, na kuzisoma sokoni na kanisani, tukianza na ukurasa unaotaja Kabuno, kama upo.