Iachie Shingo Milimita Moja

Vipele vinavyotoka shingoni siku mbili tatu baada ya kunyoa haviletwi na damu chafu, na mara nyingi kinyozi na wembe wake hawana uchafu wowote wa kulaumiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu huku pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, wako wanaume waliobadilisha kinyozi, sabuni na mafuta, wengine wakanywa hata dawa za kusafisha damu, na shingo zao zikabaki vilevile. Kinachowaumiza ni ndevu zao wenyewe. Zimekatwa fupi mno, zikarudi ndani ya ngozi.

Udevu wa mtu mweusi mara nyingi hutoka kwenye kitundu kilichopinda, na hukua kwa kujikunja. Ukinyolewa kwa wembe, ncha yake hukatwa mshazari na kubaki kali. Siku chache baadaye ncha hiyo hupinda, ikaichoma ngozi iliyo kando yake na kuingia. Mwili huushambulia udevu huo kama unavyoshambulia mwiba. Hapo pakavimba, pakawasha, na pengine pakatunga usaha. Ipo njia ya pili, iliyo mbaya zaidi. Ukiivuta ngozi wakati wa kunyoa, udevu hukatwa ukiwa umenyanyuka. Ngozi ikiachiliwa, kilichobaki huzama chini ya usawa wake. Udevu wa namna hiyo hautoki nje kabisa. Hutoboa ukuta wa kitundu chake ungali ndani.

Jina la hospitali ni pseudofolikulaitisi ya ndevu. Marekani, ambako ugonjwa huu umechunguzwa sana, makadirio ya wanaume weusi wanaoupata huanzia asilimia 45 hadi 83, kutegemea ni kina nani waliochunguzwa. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni ya keratini, moja ya protini zinazojenga ala inayouzunguka unywele, humwongezea mtu uwezekano wa kuupata kama mara sita. Kwa hiyo baba na mwanawe wakiwa nao wote wawili, si kwamba wameambukizana. Wamerithiana.

Mashavu huumia, lakini shingo huumia zaidi, na sababu utaigundua mwenyewe kwa vidole. Kaa siku mbili bila kunyoa, kisha pitisha ncha za vidole shingoni polepole: kutoka juu kwenda chini, kutoka chini kwenda juu, halafu kutoka sikioni kuelekea kikoromeo. Upande mmoja utahisi ulaini, upande mwingine utakwaruzwa. Kwenye shavu ndevu karibu zote zimelala kuelekea chini. Chini ya taya hazina utaratibu huo: nyingine zimelalia kando kuelekea sikio, nyingine zinapanda juu, na karibu na kikoromeo huweza kuzunguka kabisa. Mtu anayeshusha wembe moja kwa moja, akiamini anafuata nywele, nusu ya shingo anainyoa kwa kuzipinga. Jaribio hili la vidole ndilo ningependa kila kijana alifanye kabla ya kununua wembe wake wa kwanza.

Huku kwetu kusini shingo ina mzigo wa ziada. Wengi wanaofuga ndevu kwa kufuata sunna hunyoa chini ya taya tu ili ukingo uonekane, kwa hiyo hata mwenye ndevu nyingi shingo yake haikwepi wembe. Kisha kuna joto na jasho, hasa kaskazi inapovuma na hewa kuwa nzito. Shingo iliyonyolewa asubuhi huwa imelowa kabla ya saa nne, na ngozi iliyolowa na kukwaruzwa ni laini kutobolewa. Mwendesha bodaboda wa Ukunda ana mkanda wa helmeti unaosugua palepale chini ya taya. Askari wa hoteli ana kola ya shati iliyopigwa wanga. Siku ya Ijumaa kanzu mpya, ikiwa tarizi yake ya shingoni ni ngumu, hufanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana nawashauri wanaoweza wanyoe usiku, ngozi ipate saa kadhaa za kutulia kabla ya kuvalishwa chochote kinachobana.

Maji nayo yana lake. Tiwi na Diani zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na kisima kilichochimbwa humo hutoa maji yaliyojaa chokaa. Kikiwa karibu na bahari huwa na chumvi pia. Sabuni haifanyi povu la maana kwa maji hayo. Inabaki utando mweupe unaoshika kwenye ngozi na kwenye wembe, na wembe badala ya kuteleza unakwamakwama. Dawa yake haina gharama: kunyoa shingo hakuhitaji zaidi ya nusu lita, kwa hiyo weka chupa ya maji ya mvua, au ya bomba yasiyo na chumvi, kwa kazi hiyo pekee. Mtu aliyezoea kisima cha chumvi atashangaa siku ya kwanza kuona povu lake linasimama.

Povu lenyewe litanguliwe na subira. Udevu mkavu ni mgumu sana kukata. Ukinyonya maji huvimba na kulainika, na hilo huchukua kama dakika mbili hadi tatu. Oga kwanza, au weka kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu shingoni ukihesabu muda huo. Kisha paka povu zito kwa burashi au kwa vidole, ukizungusha ili ndevu zilizolala zinyanyuke. Wanaopenda kuanza na matone ya mafuta ya nazi chini ya povu wako sawa, mradi yawe matone kweli: yakizidi huziba wembe.

Halafu wembe. Sina ugomvi na ule wembe bapa wa dukani unaotiwa kwenye kipini, maana ijapokuwa una makali pande mbili, unaogusa ngozi ni ukali mmoja. Ugomvi wangu ni na vile vichwa vyenye nyembe mbili, tatu hadi tano zilizopangwa kwa kufuatana, mtindo ambao Gillette iliuingiza sokoni mwaka 1971. Katika nyembe hizo, wa kwanza huunyanyua udevu na wa pili huukata kabla haujarudi chini. Ulaini unaousikia baada ya hapo ni wa kweli, na ndio huohuo unaouzamisha udevu chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka ni raha tupu. Kwa mwenye ndevu za kujikunja ni vipele baada ya siku tatu.

Nyoa kwa kufuata ulichokihisi kwa vidole, sehemu kwa sehemu, kwa mikato mifupi, bila kukandamiza na bila kuivuta ngozi. Suuza wembe kila baada ya mikato miwili mitatu. Pita mara moja. Utakapopapasa utakuta bado pana ukwaru kidogo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kurudia kwa kupinga nywele hadi ukwaru uishe. Usirudie. Ukwaru huo mdogo ndio unaouzuia udevu usizame.

Kwa kinyozi mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu yeye hulipwa kwa ulaini. Tazama kazi inavyokwenda kwenye vibanda vyetu: wembe mpya unakatwa katikati, nusu yake inatiwa kwenye kipini, kichwa cha mteja kinalazwa nyuma, kidole gumba kinaivuta ngozi chini ya kikoromeo, na wembe unapandishwa juu mpaka tayani. Wembe ni safi, mkono ni hodari, na kila hatua baada ya hapo ni ya kuzalisha vipele. Mteja ana haki ya kusema. “Kaka, shingoni usitumie wembe, pitisha mashine tu, na usivute,” inatosha, na sijaona kinyozi aliyekasirika kwa kuambiwa hivyo. Mashine isiyo na kichana huacha takriban nusu milimita hadi milimita 1. Kichana namba 1 huacha milimita 3. Kwa shingo inayosumbua sana, anzia hiyo milimita 3, kisha ushuke taratibu ikishapona.

Baada ya kunyoa, suuza kwa maji ya baridi na ukaushe kwa kugusagusa. Spiriti inayopakwa na vinyozi huua vijidudu juu ya ngozi, lakini haiwezi kuuzuia udevu usipinde, na ukavu na mwasho inaouacha huizidishia ngozi taabu. Bora itumike kwenye mashine, na ikaukie hukohuko kabla ya mashine kukugusa. Ndimu ni hatari zaidi. Bado wako wanaojipaka ndimu shingoni wakiamini inakausha vipele, kisha wanatoka kwenda ufukweni. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huiunguza ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha mabaka meusi ya wiki au miezi. Jua la Diani halina mchezo katika jambo hilo. Mshubiri unafaa, ila ukishakata jani lisimamishe kwanza litiririkwe na ule utomvu wa manjano, maana utomvu huo huwasha. Kinachopakwa ni ute mweupe wa ndani. Jeli ya mafuta mazito, kwenye joto letu, hufungia jasho ndani. Losheni nyepesi isiyo na manukato inatosha.

Nyuma ya shingo, kisogoni, ni habari nyingine. Vipele vya huko, vinavyoota pale kinyozi anapochonga mstari, vinaweza kugeuka vinundu vigumu visivyopona na kuua nywele za mahali hapo. Huo ni ugonjwa mwingine, na kuusubiri ni kuufuga. Mwambie kinyozi asichonge mstari huo kabisa, na uende hospitali vikiwa bado vidogo.

Aidha, si kila kipele ni udevu uliozama. Vipele vyote vikiwa na kichwa cha usaha, vikasambaa hata pasipo na ndevu, hao ni bakteria. Duara lenye magamba linalopanuka ni choa. Haya mawili ndiyo yanayoweza kutoka kwenye mashine na taulo za kushirikiana, na dawa zake ni tofauti. Wembe wenyewe usishirikiane na mtu yeyote, hata ndugu wa chumba kimoja: kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu la kukiambukiza halihitaji kuonekana.

Aliye na vipele tayari aache wembe kwa wiki nne hadi sita. Wiki ya kwanza na ya pili shingo inaweza kuonekana mbaya kuliko mwanzo, na wengi hukata tamaa hapo. Wavumilie. Udevu ukirefuka hujinyanyua wenyewe na kuchomoka ngozini. Unaouona umejikunja juu ya ngozi kama kitanzi, unyanyue ncha yake kwa sindano safi, kisha uuache. Usiung'oe, kwa maana ukiota tena huanza safari yake chini kabisa, na hutoboa palepale. Zipo krimu za kusaidia, zenye benzoili peroksaidi au asidi ya glikoliki, na mfamasia anaweza kukuelekeza. Ninachoogopa ni zile tyubu za mchanganyiko zenye steroidi kali, zinazouzwa bila kuulizwa swali. Siku tatu vipele hutulia, miezi mitatu ngozi huwa nyembamba na yenye mabaka.

Lakini wiki sita bila wembe ni anasa kwa mtu ambaye mwajiri wake anamtaka aje kazini kidevu kinang'aa. Hoteli na kampuni nyingi za ulinzi zina sharti hilo, na askari anayenyoa kila alfajiri juu ya vidonda analitii kwa kuumia. Jeshi la Marekani limevutana na jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2020 jeshi lao la anga liliruhusu wenye ugonjwa huu wasamehewe kunyoa kwa hadi miaka mitano, na mwaka 2025 wakubwa wa majeshi yao wakayakaza masharti upya. Sababu kubwa wanayoitoa wao ni kinyago cha gesi, ambacho lazima kishike usoni bila upenyo. Mlinzi wa geti la Diani havai kinyago cha gesi, na ndevu za milimita 1 mgeni hazioni akiwa hatua tatu mbali naye.

Anayebanwa na kazi aende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Msambweni, au kituo cha afya kilicho karibu naye, aombe barua. Haihitaji maelezo marefu: jina la ugonjwa, kwamba hauambukizi, kwamba mfanyakazi asinyoe kwa wembe, apunguze kwa mashine, na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Tarehe hiyo isiwe chini ya wiki sita, kwa sababu mwajiri akimkagua wiki ya pili ataikuta shingo ikiwa katika hali yake mbaya kabisa, na atadhani barua haikusaidia kitu.