Kijiji cha Nyumba Saba

Leo nataka twende mbali sana, mashariki kupita Bara Hindi, kupita Singapore, hata tufike nchi ya Indonesia. Nchi hiyo si bara, ni visiwa, navyo vyahesabiwa kwa maelfu. Kimoja katika visiwa hivyo huitwa Flores. Jina hilo ni la Kireno, maana yake ni maua. Na Wareno ni watu ambao wenyeji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa habari zao, kwa kuwa ngome yao ingaliko. Upande wa magharibi wa Flores ni nchi ya milima iitwayo Manggarai, na ndani ya milima hiyo mna kijiji kidogo, jina lake Wae Rebo.

Hakuna barabara ifikayo Wae Rebo. Motokaa huishia chini, upande wa kijiji cha Denge, na kutoka hapo mtu hana budi kupanda kwa miguu yake mwenyewe, katika njia nyembamba ya mwituni, kwa muda wa saa kadhaa. Mvua ni nyingi na njia huteleza. Mwisho msitu hufunguka, na msafiri huona bonde dogo lililozungukwa na milima pande zote, karibu futi 4,000 juu ya bahari. Na kama ukungu umeondoka, huona katikati ya bonde nyumba saba zilizosimama kwa duara.

Nyumba hizo hazifanani na nyumba nyingine. Fikirini kawa lililofunika sinia ya chakula. Hivyo ndivyo zilivyo, ila kawa hilo kubwa lao lapata futi 50 kwenda juu. Hazina kuta za kuonekana, kwa maana paa lenyewe hushuka hata karibu na ardhi. Miti yake haikupigiliwa misumari, bali imefungwa kwa henzirani, na juu yake huezekwa nyasi pamoja na nyuzi nyeusi za aina ya mti ulio jamaa ya mnazi. Nyumba iliyo kubwa kuliko zote ndimo zinamowekwa ngoma za ukoo, na jamaa nane hukaa ndani yake. Katika nyingine hukaa jamaa sita sita. Kila jamaa ina chumba chake, lakini meko ni ya wote, nayo yako katikati.

Mgeni aingiapo kwanza hulalamika kwa moshi. Hakuna dohani wala dirisha la kufaa, na moshi hupanda polepole ukipita katika nyasi za paa. Walakini moshi huo ndio mlinzi wa nyumba. Katika mahali penye unyevu namna ile, nyasi na kamba zingeoza upesi, na wadudu wangekula miti. Moshi hukausha vyote na kufukuza wadudu. Nyumba isiyokaliwa na watu, isiyowashwa moto, haikawii kuharibika. Sijui kama mapafu ya wapishi yaupenda moshi huo kama paa liupendavyo. Hilo ni jambo jingine.

Juu ya vyumba vya watu zipo dari nne, moja juu ya nyingine, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza huitwa lobo, ni ghala ya chakula na vyombo vya kila siku. Ya pili, lentar, huweka mbegu za kupanda. Ya tatu, lempa rae, ni akiba ya mwaka mbaya, mavuno yakikosa. Ya juu kabisa, hekang kode, ni mahali pa sadaka za wazee waliokufa. Kwa kuwa watu hawa, ijapokuwa ni Wakatoliki, hawakuacha kuwakumbuka babu zao kwa desturi ya kale. Angalieni basi werevu wa mpango huo: mwenye njaa ya leo hafiki kwa urahisi penye mbegu za kesho, na mwenye kutaka kula akiba ya ukame itambidi apande juu ya mbegu kwanza, mbele ya macho ya jamaa wote.

Katika nchi ya Manggarai hata mashamba yaligawanywa kwa namna hiyo hiyo ya duara. Shamba la ukoo huitwa lingko. Mti husimikwa katikati, na kutoka hapo mistari hupigwa hata mpakani, kama utando wa buibui. Fungu la kila jamaa hupimwa katikati kwa upana wa vidole vya mkono: mwenye haki kubwa hupewa vidole zaidi. Kidole kimoja kwenye mti ule huwa shamba la kutosha huko pembeni, maana mistari huzidi kuachana kadiri iendavyo. Mtu asiyejua kusoma ramani aweza kuusimamia ugawaji huo, na kila mtu akauona kwa macho yake. Karibu na mji wa Cancar mashamba ya namna hiyo yanaonekana hata leo, yakiwa ya mpunga.

Wae Rebo wenyewe hupanda kahawa. Vyakula vyao vya shambani ni mihogo, viazi vitamu, mahindi na mboga. Mchele hupatikana bondeni, kwa fedha ya kahawa. Basi hesabu yake ni hii: gunia la kahawa hushuka kwa mgongo wa mtu, na mchele hupanda kwa mgongo wa mtu, njia ile ile. Mkulima wa Kilimanjaro au Bukoba anayajua matatizo ya bei; lakini huyu, hata bei ikiwa nzuri, ana mlima wa kulipa kabla ya kulipwa. Na mgonjwa asiyeweza kutembea hushuka kwa kuchukuliwa na wenziwe.

Tena kuna shule. Mtoto afikapo umri wa kusoma hukaa bondeni, katika kijiji cha Kombo, ambako watu wa Wae Rebo wamejenga nyumba nyingine za namna ya kawaida. Kwa sababu hiyo jamaa moja huwa na nyumba mbili, na siku za masomo huko juu huonekana watoto wadogo wasioanza shule, kisha watu wazima. Mtoto husoma hesabu na lugha ya taifa. Lakini kufunga henzirani, kuchagua mti wa nguzo, na kuezeka paa la futi 50, hayo hafundishwi chini.

Hasara yake ilionekana. Nyumba zilichakaa mojamoja, na mwaka 2008 zilikuwa zimebaki nne tu kati ya saba. Wazee waliojua kujenga walikuwa wachache, na vijana wengi hawakupata kuiona nyumba ikijengwa tangu mwanzo. Ndipo wajenzi wenye elimu kutoka Jakarta, wakiongozwa na Yori Antar, walipofika. Fedha zilichangwa na Waindonesia wenyewe. Kazi ilifanywa na wanakijiji, wazee wakiwa waalimu na vijana wakiwa wanafunzi. Kufikia mwaka 2011 nyumba zilikuwa saba tena. Mwaka 2012 UNESCO iliwatunza kwa kazi hiyo, na mwaka 2013 ikatajwa kati ya kazi zilizoshindania tuzo ya majengo ya Aga Khan.

Tangu hapo wageni wamekuwa wengi. Hulipa ili walale, nao hununua kahawa na nguo zifumwazo na wanawake, na kwa mara ya kwanza fedha hupanda mlima kwa miguu ya wengine. Vijana kadhaa wamepata sababu ya kukaa. Lakini desturi haikulegezwa: mgeni, awe nani, hupelekwa kwanza katika nyumba ya ngoma, na mzee huwaarifu babu kwamba amekuja. Kabla ya hapo haruhusiwi kupiga picha wala kutembea. Na mwezi wa Novemba, siku za sherehe ya mwaka mpya iitwayo penti, walio bondeni hupanda kuja kukutana na jamaa zao, na nyumba zote saba huwa zimejaa.